Damu Tuliyoiita Safi

Siku ya kwanza nilifika kazini saa moja kasoro robo asubuhi, nimevaa koti jeupe ambalo dada yangu alikuwa amelipiga pasi mara mbili. Chef wa maabara, yaani mkuu wetu, akaniambia nilivue.

"Blouse iko propre sana," alisema, maana koti lilikuwa safi mno. "Utaogopa kuichafula, na muntu mwenye kuogopa blouse yake anamwangaka damu ya bantu."

Alinipa koti lake la zamani, lenye madoa ya zambarau ya rangi tunayopakia vioo, nikalivaa miaka miwili.

Hospitali hiyo sitaitaja jina. Ilikuwa katikati ya jiji, nyuma ya mtaa wa maduka na benki, na maabara yake ilikuwa vyumba vitatu: kimoja cha kuchukulia damu, kimoja cha kupimia, kimoja cha kuoshea vyombo. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na diploma ya laborantin, jina ambalo sisi wa Lubumbashi tunampa mtu anayepima damu, mkojo na makohozi. Leo nina sitini na mitano, nimestaafu, na vijana walioshika nafasi zetu wameniomba niandike jinsi tulivyoitafuta baridi yabisi kwenye damu kabla ya mashine kufika. Nitaandika. Wakiona nimewasema mahali fulani, wajue nimekusudia.

Ugonjwa wenyewe Kiswahili cha vitabu kinauita baridi yabisi, madaktari wetu wanauita polyarthrite, na watu wa mitaani, kama kule Kampemba, wanauita rhumatisme, neno ambalo kwao linabeba kila maumivu kuanzia kisigino hadi shingo. Huu ninaousema si uchovu wa mzee wala mgongo wa mchimba madini. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vya mwili huohuo. Mara nyingi huanza na vidole, mikono yote miwili kwa pamoja. Asubuhi vinakuwa vigumu saa nzima au zaidi, vinavimba, na visipotibiwa mapema hupinda. Kilichopinda hakinyooshwi na dawa yoyote niliyowahi kuisikia. Kwa hiyo kazi ya maabara ni kusema mapema, na kusema sawasawa.

Miaka ya mwanzo tulikuwa na kipimo kimoja tu cha kutegemea, VS, yaani mwendo wa damu kuzama. Unachukua damu, unaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, unaivuta kwenye bomba jembamba la kioo na kulisimamisha wima saa nzima. Chembe nyekundu zinazama, maji yanabaki juu, nawe unasoma zimeshuka milimita ngapi. Zikishuka haraka, kuna moto mahali fulani mwilini. Ni moto gani, bomba halisemi. Kifua kikuu huzishusha, mimba huzishusha, jino bovu huzishusha. Chef hakuruhusu mtu aondoke karibu na mabomba yale saa ile, kwa sababu mlango ukibamizwa yanatikisika na hesabu inaharibika. Nilijifunza kutembea kwa vidole kama mtu anayeingia kanisani amechelewa.

Baadaye tukapata latex. Hapo naomba msomaji anifuate polepole, maana habari yote iko hapo. Damu ikiganda huacha juu maji ya rangi ya majani makavu, tunayaita seramu. Ndani ya seramu ya wagonjwa wengi wa baridi yabisi mna kingamwili iliyopotea njia: badala ya kushika vijidudu, inashika kingamwili wenzake. Inaitwa facteur rhumatoïde. Kichupa cha latex kina maji meupe kama maziwa, yenye chembe ndogo sana za mpira zilizopakwa kingamwili za kawaida. Unaweka tone la seramu kwenye kibao cheusi, unaongeza tone la latex, unakoroga kwa kijiti, unakiyumbisha kibao mkononi dakika mbili huku umekielekeza dirishani. Maziwa yakibaki maziwa, hakuna kitu. Yakikatika na kuwa mchanga mweupe, facteur ipo. Ukizidisha dakika mbili, tone linaanza kukauka na kukudanganya. Ukiwa na latex baridi kutoka frijini inakudanganya pia, na mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi ikiwa na baridi yake ya kuuma masikio, tulikuwa tunatembea na vichupa kwapani kuvipasha joto. Wagonjwa walidhani tunaumwa mbavu.

Chef alikuwa na kanuni moja ya latex. Kichupa kilichelewa kutufikia, wakati mwingine kwa miezi, kwa hiyo kilihesabiwa tone kwa tone, kama kila réactif, yaani kila dawa ya kupimia.

"Malade moja, goutte moja, na kusoma mara moja," alisema. "Hapa hatuchezake na réactif."

Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuja mapema kuliko sote, aliosha darubini yake mwenyewe, na hakupokea kitu kutoka kwa mgonjwa, hata ndizi. Alikuwa na kiburi cha maabara. Alipenda kusema kwamba tangu aichukue hakuna daktari aliyewahi kurudisha karatasi yetu ya majibu. Karatasi ya maelekezo iliyokuja ndani ya boksi la latex aliikunja na kuitia kwenye droo yake, ufunguo ukawa wake. Mimi sikuiomba. Nilifundishwa kwa mdomo na nikafundisha wengine kwa mdomo.

Mama Odile alikuja nikiwa tayari na miaka mingi kazini. Alikuwa mjane, mzaliwa wa familia ya kikatoliki ya kaskazini mwa Katanga, baba yake alikuwa fundi wa reli, na aliishi Kampemba na binti zake wawili. Kazi yake ilikuwa kuosha vyombo vya kioo: mabomba, vibao, chupa. Kazi hiyo watu huidharau mpaka waione ikifanywa vibaya. Bomba lenye sabuni iliyobaki linaharibu kipimo kuliko laborantin mlevi. Yeye alisuuza kila bomba mara tano, analiinua kwenye mwanga, na akiliona limemeguka mdomo analivunja kabisa ili asiwepo wa kulitumia. Alikuwa mcheshi pia. Akiniona na kichupa kwapani alisema, "Papa Numbi, uyu mutoto utamuzala siku gani?"

Akiwa na miaka thelathini na sita vidole vyake vikaanza. Tulimwona asubuhi akifungua na kufunga mikono juu ya mbabula, jiko la makaa la wapishi wa hospitali, kabla ya kuanza kazi. Pete ya ndoa, ambayo hakuivua hata baada ya mumewe kufa, ikabidi itolewe kwa sabuni na uzi. Sote tulikuwa na jibu, na jibu lilikuwa maji. Mwanamke anaosha vioo kwa maji baridi kuanzia asubuhi, katika mji wenye mwezi wa sita kama wetu. Itakuwa nini kingine? Mimi mwenyewe, laborantin mwenye diploma, nilimshauri aloweshe mikono kwenye maji moto na chumvi. Ugonjwa una neno baridi ndani ya jina lake, nasi tukaridhika na jina.

Siku moja alinishika mkono wa koti langu akiwa ameshikilia ndoo kwa kiwiko.

"Papa Numbi, jana nilishindwa kusuka mutoto. Nyuele tu. Bidole bilikatala."

"Ni maji, Mama Odile."

"Maji inaumiza mukono moja ao mbili?"

"Yote mbili iko mu maji."

"Na magoti? Magoti haiingiake mu ndoo."

Nilimwambia aende kwa daktari wa zamu, na daktari akaandika latex. Damu yake ikaja kwangu. Tone moja, kusoma mara moja, dirishani, dakika mbili kwa saa ya ukutani. Maziwa. Nikayatazama tena, maziwa. Niliandika négatif kwenye rejista, nikatia sahihi yangu. Kusema kweli nilifurahi kwa ajili yake.

Karatasi ile ndiyo iliyomfunga. Alikuwa ameomba ahamishiwe mezani, kwenye dirisha la kupokea sampuli, kazi kavu ya kuandika majina. Médecin directeur, mkuu wa hospitali, alisoma négatif, akasema hakuna ugonjwa wa kuhalalisha uhamisho, na daktari wa zamu akampa vidonge vya maumivu. Kama mikono ingeshindwa kabisa angeondolewa kazini, na nyumba yake ilikuwa na mshahara mmoja tu. Akarudi kwenye ndoo zake. Hakulalamika kwangu, kwa sababu aliniamini.

Sasa nieleze kuhusu témoin. Kila unapopima, unaweka pembeni damu mbili unazozijua: moja ya mgonjwa wa hakika, moja ya mtu asiye na kitu. Hao ni mashahidi wako. Wa kwanza akitoa mchanga na wa pili akibaki maziwa, unajua latex haijaharibika. Mashahidi huja tayari ndani ya boksi, lakini vichupa vyao vidogo vilikuwa vinaisha kabla ya latex yenyewe. Maabara nyingi za kwetu zilikuwa na desturi ya kujaziliza kwa damu ya nyumbani: unatafuta mtu aliyekwisha kupimwa, unagandisha seramu yake kwenye vichupa vidogo, unatumia.

Mwaka mmoja baada ya kipimo kile, shahidi wetu mzima, yule asiye na kitu, aliisha. Chef hakufikiri sana.

"Tukamate ya Odile. Iko négatif, tulishaka kumupima, na iko hapa siku yote."

Mama Odile alinyoosha mkono akicheka. "Basi damu yangu itafanya kazi ata kama mikono inakatala." Nilimchoma mimi mwenyewe. Tukaandika kwenye vichupa T-minus, yaani témoin asiye na kitu, kwa kalamu nyeusi, na tangu siku ile kila mtu aliyekuja kupimwa baridi yabisi pale kwetu alilinganishwa na damu ya Mama Odile. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo chetu cha mtu asiye mgonjwa. Halafu vibao vyenye tone la damu yake vilipelekwa chumba cha nyuma, akaviosha kwa vidole vilivyovimba.

Mwezi wa sita uliofuata alikosa kazi wiki nzima. Hakuweza kufunga vifungo vya nguo. Vichupa vya T-minus vilikuwa vimebaki viwili, nami nikaona nisimsumbue kwa damu nyingine. Nikafanya ujanja wa fukara: nilichukua kidogo cha seramu yake nikaiongezea maji ya chumvi ya maabara mara nne yake, ili iende mbali. Nilijiambia kwamba asiye na kitu, hata ukimwongezea maji, ataendelea kuwa hana kitu.

Tone la latex lilipoigusa seramu ile likakatika. Sikungoja hata dakika. Mchanga mkubwa, mweupe, umetulia pembezoni mwa duara jeusi.

Nikadhani maji ya chumvi yameharibika. Niliyamwaga, nikafungua chupa nyingine. Mchanga. Nikaweka maji ya chumvi peke yake na latex: maziwa safi. Nikaweka seramu ya Mama Odile bila maji: maziwa. Na maji: mchanga. Nikaendelea kuipunguza nguvu, nusu ya nusu ya nusu, bomba baada ya bomba, nikitumia matone ambayo chef angeniua kwa ajili yake, na bado ilikata. Chef alikuwa kwenye mkutano wa wakuu wa idara na alikuwa amesahau ufunguo kwenye droo. Nikaitoa karatasi ya maelekezo, nikaikunjua mezani. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema kwamba facteur ikizidi mno kipimo kinaweza kusoma hapana, na mgonjwa mwenye dalili zote apimwe tena kwa seramu iliyoongezwa maji.

Maelezo yake ni rahisi. Ili mchanga utokee, kingamwili moja lazima ishike chembe mbili, moja kila upande, na kuzivuta pamoja. Kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, kila chembe inashikwa pande zote na kingamwili zake, hakuna mkono unaobaki mtupu wa kuunganisha jirani na jirani. Zinaelea zote, zimejaa, na jicho linaona maziwa. Wataalamu wanaiita zone. Kwa hiyo hatukuwa tumempima mtu asiye na ugonjwa. Tulikuwa tumempima mgonjwa mkubwa kuliko wote waliopita kwenye kibao kile, tukamfanya shahidi wa uzima.

Chef aliporudi nilimwonyesha kibao na karatasi. Aliisoma karatasi mpaka chini. Kisha akafunga mlango.

"Ni nani mwingine anayua?"

"Ni shiye wawili tu, Chef."

"Basi ibakie vile. Numbi, sikia. Tukisema huyu tulimukosea, kesho directeur atauliza: na bale bengine? Résultat yote ya labo itakuwa bongo, batasema tulidanganya bantu. Miaka yote ile, bongo! Mi nabakisha kiloko tu niende retraite. Tutamupima tena nyuma, siku ingine, polepole. Sasa acha."

"Na mikono yake?"

"Mikono ilishaka kungojea mwaka muzima. Itangojea tena kiloko."

Nikafyata ulimi. Ningeweza kusema niliogopa, na ni kweli niliogopa, lakini kulikuwa na kitu kingine: chef alikuwa ameshaniambia kwamba akistaafu, jina langu ndilo lililoandikwa kuchukua nafasi yake. Nilianza kupunguza kwa siri seramu ya kila mgonjwa mwenye dalili, na nikajiona mtu wa haki. Vichupa vya T-minus nikavitupa, nikatumia damu yangu mwenyewe baada ya kuipima kwa njia zote. Mama Odile alirudi kazini. Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa na joto lake na vumbi, na kila siku vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinalala kidogo zaidi kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Mimi, niliyejua, nilikuwa nikipita karibu naye kuanzia asubuhi mpaka saa ya kutoka. Nilijidharau, na nilikula na kulala kama kawaida.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mwezi wa kumi na moja, Mama Odile aliangusha kikapu cha mabomba. Hakuna lililobaki zima. Chef alitoka na kumfokea mbele ya wagonjwa, kisha akaandika barua ya kupendekeza aondolewe kazini kwa kutoweza kazi. Barua ilikaa mezani ikingoja sahihi ya directeur. Ndani yake aliandika kwamba mfanyakazi huyo alipimwa na hakukutwa na ugonjwa wowote. Aliandika hivyo akijua.

Rejista ya maabara haifutwi. Hata leo mwenye mashine yake na ajifunze hilo: ukikosea, hukati wala hupaki rangi nyeupe juu. Unaandika mstari mpya kwa wino mwekundu, unataja mstari wa zamani, unatia sahihi mara mbili, ili kila asomaye aone kosa na aliyekosea. Katika miaka yote ya chef hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja, na alikuwa akiwaonyesha wageni rejista kwa sababu hiyo. Asubuhi ile nilimtoa Mama Odile damu, nikaipima bila maji na kwa maji, nikafungua rejista mbele ya kila mtu na kuandika kwa wino mwekundu: positif, nguvu sana, kipimo cha kwanza kilikosewa nami. Nikatia sahihi. Nikaandika tarehe ya siku hiyo, ya mwezi wa kumi na moja. Kisha nikamshika Mama Odile begani, nikampeleka kwa daktari wa zamu na karatasi mkononi.

Daktari alimwanzisha méthotrexate, dawa inayomezwa siku moja tu kwa wiki, na vitamini ya kuisindikiza. Mkono wa kushoto ulipona vizuri. Wa kulia maumivu yaliondoka lakini vidole vilibaki vilivyolala. Barua ya kumwondoa ikachanwa, akapewa dirisha la sampuli, akajifunza kuandika kwa kushoto. Mimi nilipewa barua yangu. Chef hakunigombeza. Alisema tu, "Umeniuzisha, Numbi," na kabla ya mwezi kuisha nilikuwa nimehamishiwa Kasomeno, kituo cha afya kando ya barabara ya kwenda Kasenga.

Kasomeno nilikaa miaka minne. Maabara ilikuwa meza moja, darubini ya kioo cha kuakisi jua, na malaria. Malori ya samaki yalipita, madereva wakishuka na homa zao, nami nikipaka damu kwenye vioo. Baridi yabisi sikuipima hata mara moja, ingawa niliiona mikononi mwa wanawake wawili wauza samaki, nikawapakia lori la kwenda mjini na barua kwa daktari. Mtu asiye na latex bado ana macho. Nilianza kuuliza maswali ambayo zamani sikuuliza: asubuhi ugumu unachukua muda gani, ni mikono yote miwili, kuna viungo vingapi?

Chef alistaafu, na mahali pake alikuja biologiste, mtaalamu wa vipimo, mwanamke kijana aliyesomea mbali, ambaye alisoma rejista nzima ya zamani kabla ya kugusa chochote. Alinipigia simu Kasomeno kuhusu ule mstari mwekundu.

"Papa, ni weye njo uliandika ile ligne rouge?"

"Ni miye."

"Basi rudia huku ku labo. Niko na lazima ya muntu mwenye kuandika vile."

Ndiye aliyetuletea anti-CCP. Ni kingamwili nyingine, inayolenga protini za mwili zilizobadilika umbo, na mara nyingi huonekana kwenye damu hata miaka kabla viungo havijavimba. Facteur rhumatoïde inaweza kuwapo kwa mzee mwenye afya kamili, kwa mwenye kifua kikuu, hata kwa mwenye malaria ya mara kwa mara, na kwetu hao wamejaa. Anti-CCP haidanganyiki kirahisi hivyo. Inapimwa kwa mashine, inatoa namba, haihitaji kwapa la mtu. Hata hivyo biologiste alikuwa akiwaambia vijana kila wiki kwamba wapo wagonjwa wa kweli ambao vipimo vyote viwili vinasema hapana. Karatasi ya maelekezo aliibandika ukutani, na mashine ilipokuja akabandika ya mashine pia. Vijana hawazisomi. Nawaona.

Siku ya kustaafu kwangu walinifanyia sherehe ndogo saa sita mchana, soda na maandazi katika chumba cha kupimia. Biologiste alihutubia. Alisema kwamba nilikuwa nimehatarisha kazi yangu kwa ajili ya ukweli, kwamba siku niliyogundua kosa ndiyo siku niliyoliandika, kwamba nililipa miaka minne ya Kasomeno. Walipiga makofi. Alikuwa ameitoa habari hiyo kwenye rejista, na rejista ilikuwa na tarehe moja tu, niliyoiandika mimi. Mama Odile alikuwa amesimama mlangoni akipiga makofi pia, kwa kuugonga mkono wa kushoto kwenye mgongo wa ule wa kulia. Niliona aibu. Nilishukuru haraka, nikakaa.

Walipotawanyika nilimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akivaa sweta. Nikafunga mlango, kama chef alivyoufunga zamani.

"Mama Odile, kuko kintu aba bantu habayui. Ile résultat yako, sikuiona siku ile niliandika. Niliiona mu mwezi wa sita. Nilinyamaza mpaka mvula ilianza."

Aliendelea na vifungo, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto.

"Niliyua," alisema.

"Ni nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Toka mwezi wa sita uliacha kuniangalia mu macho. Unafika, unaweka ma tube pa meza, unaenda mbio. Nikasema, Papa Numbi iko na kintu yangu."

"Sasa juu ya nini haukuniuliza?"

Alifunga kifungo cha mwisho, akanitazama.

"Nilikuwa nakungojea, Papa," alisema. "Kila asubui."